Hapana ya Adabu

Zanesville, Ohio
10 Aprili 1988

Mavis mdogo wangu,

Kaa kitini kabla hujaendelea kusoma. Mimi naandika nimesimama, maana hasira zimenikataza kukaa.

Kristin anaolewa Oktoba. Mjukuu wangu, huyo mmoja tu niliyejaliwa, anaolewa, na keki ya harusi yake ataioka Lavonne!

Barua zilizopita nilikutajia Lavonne juu juu, nikajizuia. Leo sijizuii. Ni mama yake Wayne, mume wa Gillian wangu, kwa hiyo ni mkwe mwenzangu, na kwa Kristin ni bibi kama mimi. Tofauti ni kwamba yeye alikuwapo tangu mtoto anazaliwa, na mimi nimekuja huku Marekani juzi tu, baada ya kumzika mume wangu Harold. Ni jimama la haja, kicheko chake kinaingia chumbani kabla yake. Anamwita kila mtu mpenzi, hadi mleta maziwa. Na anakumbatia, Mavis! Huku watu wanakumbatiana utadhani wameokoka ajali, kumbe wameachana jana tu.

Sasa sikia. Kristin alikuja Jumapili, tukakaa jikoni, akaniuliza, "Bibi, ungependa kutuokea keki ya harusi?" Moyo wangu uliruka. Keki ya mama yetu, ile ya zabibu kavu na brandi, iliyokatwa harusi yangu, ikakatwa yako na Clifford, ikakatwa ya binti yangu Gillian. Nikajibu kama mtu aliyelelewa: "Ah, mwanangu, keki yangu ya kizee nani ataitaka? Msijisumbue na mimi."

Nikangoja. Kichwani nilishaanza kuziloweka zabibu.

Mtoto akatabasamu. Akasema, "Sawa, Bibi, hakuna shida!" Akachukua funguo za gari akaenda zake kwa Lavonne. Na Lavonne, nimesikia, alisema ndiyo hata swali halijaisha. Atatengeneza keki ya nazi yenye rangi ya waridi.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nina wivu, Mavis, wacha niseme tu. Unanikereketa hapa kifuani. Nikimsikia Gillian akimwambia mama mkwe wake "nakupenda" kwenye simu, natamani kung'oa waya ukutani. Na mimi pia Gillian huniambia, tena kila akitoka, hata akienda kununua mkate, lakini mimi sijui nijibu nini. Juzi nilimjibu, "Haya, angalia barabara."

Dada yako,
Enid


Todmorden, Yorkshire
24 Aprili 1988

Dada Enid,

Barua yako nimeisoma nikasonya mpaka paka akatoka nje.

"Hakuna shida"! Mtoto amelelewa wapi huyo? Mtu mwenye adabu huuliza mara ya kwanza, ukakataa. Akauliza ya pili, ukasema usingependa kusumbua. Akauliza ya tatu, akasema ataumia usipokubali, hapo ndipo unakubali kwa shingo upande. Hata kipande cha pili cha mkate hakiliwi bila safari hiyo. Mtu akikubali mara ya kwanza, watu watasema nini? Kwamba alikuwa ana njaa.

Simlaumu Kristin, namlaumu Gillian. Mwacha asili ni mtumwa. Alipoondoka na yule Wayne wake, askari wa anga wa Kimarekani, nilikwambia, na wewe ukaniambia nina wivu kwa sababu mimi sikupata mtoto. Sikuwa na wivu. Mimi unanijua, sina wivu.

Ushauri wangu ni huu: nyamaza. Usiseme neno. Pita hapo nyumbani kimya, uso mtulivu, kula kidogo. Wataona wenyewe kwamba wamekukosea, na aibu itawashika.

Huku mvua tu. Nimepaka rangi chumba cha nyuma, kile kinachoangalia mfereji, na godoro nimebadilisha. Si kwa sababu yoyote. Lilikuwa limechoka.

Asiyekujua hakuthamini, dada. Kumbuka hilo ukiwaona wanakunywa chai yenye barafu.

Mdogo wako,
Mavis


Zanesville, Ohio
22 Mei 1988

Mavis,

Nimenyamaza kama ulivyosema. Nimenyamaza wiki hizi zote. Hakuna aliyegundua! Wayne alimwambia Gillian, mimi nikisikia, kwamba mama anaonekana ametulia sana siku hizi, inapendeza. Nimekula kidogo, Gillian akanisifu kwamba naangalia afya.

Sasa pokea lingine. Walikwenda kuchagua gauni. Gillian aliniuliza asubuhi, "Mama, utakuja nasi?" Nikasema, "Nendeni tu, mimi nitawachelewesha na miguu yangu hii." Nilikuwa nimeshavaa viatu vya kutokea, Mavis. Koti lilikuwa begani. Akanibusu akasema, "Haya basi, pumzika." Nikasikia gari linaondoka. Nilikaa na koti langu sebuleni.

Waliporudi walikuwa na picha, zile zinazotoka papo hapo. Kristin kwenye gauni jeupe, analia, kichwa chake kiko shingoni kwa Lavonne. Lavonne naye analia, wanja umemshuka mpaka kidevuni. Nikaitazama picha ile nikasema, "Gauni zuri." Kisha nikaenda bafuni nikafungulia maji ya bomba ili wasinisikie.

Huyo mwanamke nimemchukia, Mungu anisamehe. Namchukia kwa mikono yake. Anamshika mtoto nywele, anamshika mashavu, kama vile hakuna mwingine mwenye haki naye. Sisi mama yetu alitushika lini? Alipotutoa chawa!

Ndipo ikaja sherehe ya kumpa bibi harusi zawadi, wanawake watupu, ukumbi wa kanisa. Kila mtu na bakuli lake. Lavonne kaleta jeli ya kijani yenye karoti ndani na vipande vya peremende nyeupe laini, na watu wazima wakaiita saladi. Nikaona leo nimempata. Mbele ya wote nikaonja kijiko kimoja, nikamwangalia usoni nikasema kwa sauti, "Lavonne, inashangaza kweli. Ya kipekee mno. Jasiri sana wewe."

Kwetu mtu akiambiwa hivyo angehama mtaa. Unajua alifanya nini? Alishika kifua, macho yakamjaa machozi, akasema, "Enid, mpenzi, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo!" Akanikumbatia mpaka miwani ikanitoka. Na nilipoondoka akanifungashia bakuli zima. Liko kwenye friji sasa hivi, na kila nikifungua linatikisika.

Nifanyeje, mdogo wangu? Keki wamenipokonya, gauni nimelikosa. Imebaki harusi yenyewe, na sijui hata nitakalishwa wapi. Nahofia siku hiyo mtoto atatafuta bibi yake kwa macho, na macho yatatua kwa Lavonne.

Enid


Todmorden, Yorkshire
4 Juni 1988

Dada,

Basi. Imetosha.

Mwambie Gillian unarudi Uingereza. Usigombe wala usilie. Sema tu, polepole, kwamba labda ingekuwa vyema urudi nyumbani usiwe mzigo kwa mtu. Atakuangukia miguuni. Atasema, "Mama, utatuachaje?" Mtoto atatoka harusini mwake akuombe msamaha. Hapo ndipo utakapoona wanakuthamini au la.

Na wasipokuthamini, si chumba kiko.

Saladi ya jeli! Nilimsomea jirani, mama Harris, akacheka mpaka akashika ukuta. Siku hizi anakuja kila nikipata barua yako. Tunasoma pamoja, najikuta nakukumbuka kuliko nilivyotaka.

Mavis


Zanesville, Ohio
29 Juni 1988

Mavis, Mavis, Mavis,

Laiti ungeniona!

Nilifanya ulivyoniagiza. Tulikuwa mezani, nikaweka uma chini, nikasema polepole, "Nimefikiri, labda ingekuwa vyema nirudi nyumbani, nisiwe mzigo kwa mtu."

Gillian naye akaweka uma chini. Rangi ilimtoka. Nikasema moyoni, haya, sasa ataanguka miguuni. Akanishika mkono, akasema, "Mama, ikiwa hilo ndilo litakalokupa furaha, sisi tuko pamoja nawe." Akainuka! Wayne akasema anamjua mtu wa tiketi. Kesho yake nikaona kalenda imewekwa alama, na masanduku yangu yameteremshwa kutoka darini. Gillian alikuwa anayapangusa vumbi huku macho mekundu, hasemi kitu, na mimi nimesimama mlangoni sisemi kitu. Mtu na mama yake wanafukuzana kwa adabu!

Nilikuwa naenda, Mavis. Kwa sababu ya maneno yangu mwenyewe nilikuwa nakosa harusi ya mjukuu wangu, na sikujua namna ya kuyameza.

Jumamosi Lavonne akaja kuniaga. Kaleta bakuli, bila shaka. Akaketi jikoni akaanza kulia. "Enid, mpenzi, nitakukosa mno. Kristin hajala tangu jana. Lakini kama moyo wako uko kwenu, sisi ni nani tukuzuie?"

Sijui nini kilinipanda. Nilipiga meza kwa kijiko nikasema, "Siendi popote! Nani kakwambia nataka kwenda?"

"Wewe," akasema. "Ulisema wewe."

"Nilisema ili wanizuie! Na keki nilitaka kuoka mimi! Na gauni nilitaka kuliona, nilikuwa nimeshavaa viatu! Na wewe, Lavonne, nakuonea wivu mpaka chakula hakipiti. Kila ukimshika mtoto yule natamani mkono wako ungekuwa wangu. Na ile jeli ni mbaya!"

Lavonne akatoa macho. "Sasa Enid, kwa nini ulisema hapana?"

"Kwa sababu kwetu ndivyo mtu anavyosema ndiyo!"

Akaanza kucheka, jinsi anavyocheka yeye, madirisha yote yakasikia. Akasema, "Mama yangu we! Miaka miwili hii nikikuuliza kama unataka kuja kula kwangu ukisema hapana, ulikuwa unataka?"

"Kila mara," nikasema. Nikalia mbele yake, mimi, mtu mzima, mbele ya mkwe.

Aliita nyumba nzima. Gillian akanikumbatia tukakaa vile muda mrefu. Akasema, "Mama, nilisahau. Nilipofika huku nilikufa njaa mwaka mzima kwa kusema hapana. Nikaacha, nikasahau kabisa kama wewe hujaacha." Na Kristin, alipofika tu, akaniuliza, "Bibi, utaniokea keki?" Ulimi ukataka kusema ah, mwanangu. Lavonne akanikodolea macho. Nikasema, "Ndiyo." Basi. Nilihisi kama nimevuliwa nguo sokoni. Lakini ikapita.

Yangu itakuwa keki kubwa. Ya Lavonne ya nazi itakuwa pembeni, na nimemwambia hiyo rangi ya waridi aitazame upya. Siku hizi tunaambiana wazi. Wivu haujaisha, usidhani, ila sasa nikiusikia unapanda nausema, na yeye anacheka.

Nimesahau jambo kubwa. Kristin anataka uje! Harusi ni tarehe nane Oktoba. Wayne atatuma tiketi. Utakaa kiti cha mbele, upande wangu wa kushoto, kama harusi ya Gillian. Utakuja, Mavis?

Enid wako


Todmorden, Yorkshire
16 Julai 1988

Dada Enid,

Nimefurahi mmeelewana na huyo Lavonne wenu. Sikutegemea, lakini nimefurahi.

Ama mimi kuja huko, ah, hapana. Msijisumbue. Mwanamke wa miaka sitini na minne kwenye ndege, atafanya nini ila kuwasumbua watu? Mna wageni wenu, mna shughuli zenu, wa nini tena bibi kizee wa Todmorden asiyejua kukumbatia? Mwambie Kristin asante, na Wayne asitoe fedha yake.

Nasikia Oktoba kwenu majani yanageuka rangi mlima mzima. Je, usiku kuna baridi ya koti zito, au jepesi linatosha? Nauliza tu. Pasipoti ninayo, niliitengeneza Mei, maana yule dada wa posta alisema ni kitu kizuri mtu kuwa nacho. Na paka mama Harris amesema atamlisha, tena amesema mwenyewe, sikumwomba.

Lakini hapana, hapana. Mtakuwa na raha zaidi bila mimi.

Mdogo wako,
Mavis


Zanesville, Ohio
9 Agosti 1988

Mavis mpenzi,

Naandika haraka, mikono imejaa unga. Keki imeshaiva na inanyweshwa brandi kila Jumapili. Lavonne anasimama pembeni anasali, kwa kuwa kanisani kwao hawanywi.

Kuhusu safari, usijali hata kidogo. Zamani ningekusumbua, ningeandika barua tatu nikikubembeleza, na wewe ungechoka bure. Nimejifunza. Mtu mzima akisema hapana, jibu lake liheshimiwe. Kristin alisikitika, nikamwambia bibi yako mdogo ameamua, tusimlazimishe. Kiti chako tumempa Lavonne, ili tukae bibi wote wawili pamoja.

Unajua Lavonne aliniambia nini? "Una hakika, Enid? Huyo si ndugu yako? Si Mwingereza kama wewe?" Tukacheka sana!

Huwezi kuamini jinsi mambo yalivyo mepesi ukiyasema tu. Nimekubali kila ninachoulizwa. Nimeingia kwaya. Natupa mpira wa bolingi, ule wa kuangusha vigingi, siku za Alhamisi. Gillian akiniambia nakupenda, namjibu, na mdomo haujanianguka.

Haya, nakupenda, Mavis! Umeona? Hata kwenye karatasi.

Enid


Todmorden, Yorkshire
5 Novemba 1988

Enid,

Picha imefika, na kipande cha keki. Kilisagika njiani lakini nimekila. Ni ya mama hasa.

Kristin amependeza. Wewe umenenepa, imekukaa vizuri. Huyo kushoto kwako, mwenye gauni la zambarau kama lako, mkono wake uko begani kwako na wewe umemwegemea. Mama Harris aliichukua picha akaisogeza dirishani, akaniuliza, "Na huyu ndiye dada yenu mwingine?" Nikamwambia ndiyo. Sikuwa na nguvu ya kueleza.

Niliikata picha pale kati kwa mkasi. Kisha nikaona mkono wake umebaki begani kwako, hauondoki, nikaitupa sehemu yake motoni na hiyo yako nimeiweka. Unione mbaya ukitaka.

Uliniuliza mara moja, Enid. Mara moja! Wewe uliyekaa sebuleni na koti, wewe uliyeteremshiwa masanduku. Barua yangu ya Julai niliipeleka posta nikarudi nikanunua kofia. Ya buluu. Nilipanga nguo, za baridi upande mmoja, nyepesi upande mwingine, maana hukunijibu kuhusu koti. Niliwaambia watu wa kanisani kwamba dada yangu ataandika tena, ananijua. Kila mleta barua alipopita nilikuwa mlangoni. Ilipokuja ile ya Agosti nilidhani ndiyo hiyo. Nikaifungua mbele ya mama Harris, nikaanza kumsomea kwa sauti, na nilipofika penye kiti nikaacha kusoma, nikamwambia unasalimia.

Nilikwambia sina wivu. Nimekuonea wivu tangu ulipopata Gillian. Nilikuonea kwa mtoto, nikakuonea kwa mjukuu, na ulipohuzunika huko nilifurahi, nikakupa ushauri wa kukurudisha kwangu. Chumba nilikupakia wewe rangi. Hayo yote ningeyabeba. Lakini kukuonea wivu wewe ni mazoea, huyu mwanamke wa jeli simwezi. Amekaa mahali pangu na hata hakuiba. Ulimkaribisha, naye akakubali mara ya kwanza.

Tarehe nane Oktoba nilivaa ile kofia nikakaa jikoni mpaka saa ya harusi yenu ikapita.

Nilitaka kuja.

Mavis